Nani asimame mbele? Swali la hisabati ambalo bado linasubiri jibu

Fikiria abiria watatu wamekaa kwenye benchi stendi ya Korogwe, wanasubiri gari la Handeni. Hujui majina yao wala wanatoka wapi. Unataka kujua jambo moja tu: nani anamjua nani?

Majibu yanayowezekana ni manne. Huenda hakuna anayemjua mwenzake. Huenda wawili wanajuana na wa tatu ni mgeni kwao. Huenda mmoja anawajua wote wawili, lakini hao wawili hawajuani. Au huenda wote watatu wanajuana.

Sasa swali: ukiambiwa uzipange hali hizi nne kwenye foleni, ipi isimame mbele na ipi isimame nyuma? Linasikika kama mchezo wa watoto. Lakini swali la namna hii, likikuzwa kidogo, linaingia kwenye tawi la hisabati ambako wataalamu bado hawana kanuni ya jumla. Katika makala hii tutalifuata hatua kwa hatua. Huhitaji kikokotoo. Chukua punje za maharage au kokoto, na kijiti cha kuchora mistari chini.

Koo nne za watu watatu

Tuanze kwa kuzipa hali hizo majina, ili tusipotezane njiani.

Hali ya kwanza, ambapo hakuna anayemjua mwenzake, tuiite Wageni. Ya pili, ambapo wanajuana wawili tu, tuiite Jozi. Ya tatu, ambapo mmoja anawajua wote na wenzake hawajuani, tuiite Kiungo. Ya nne, ambapo wote wanajuana, tuiite Ndugu.

Tunachukulia kwamba kujuana ni kwa pande mbili: kama Asha anamjua Bakari, basi Bakari naye anamjua Asha.

Sasa fikiria jamii kubwa isiyo na kikomo, yenye watu wasiokwisha. Jamii hii ina sifa moja ya ajabu. Andika orodha yoyote ya watu, hata elfu moja, kisha andika orodha nyingine ya watu tofauti. Daima atapatikana mtu ambaye anawajua wote wa orodha ya kwanza na hamjui hata mmoja wa orodha ya pili. Wanahisabati wanaifahamu vizuri jamii hii. Wanaiita grafu ya Rado, kwa jina la Richard Rado aliyeandika habari zake mwaka 1964.

Ndani ya jamii hiyo unaruhusiwa kuhamisha watu. Kila mtu anaweza kuchukua nafasi ya mwingine, kwa sharti moja: usivunje ujuani. Waliojuana wabaki wanajuana, na wasiojuana wabaki hawajuani. Ukiweza kulihamisha kundi moja la watu watatu likakaa mahali pa kundi lingine bila kuvunja sharti, makundi hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Neno la kitaalamu ni obiti, lakini hapa tutasema ukoo.

Kwa watu watatu, jamii yetu ina koo nne, zile zile tulizozitaja. Kwa mtu mmoja kuna ukoo 1. Kwa watu wawili kuna koo 2: wanajuana au hawajuani. Kwa wanne kuna koo 11, kwa watano 34, kwa sita 156. Ukitaka kuhakikisha hiyo 11, chora nukta nne chini na ujaribu kila namna ya kuziunganisha. Michoro inayofanana usiihesabu mara mbili.

Hesabu inapanda. Je, inaweza kushuka?

Tazama namba hizo: 1, 2, 4, 11, 34, 156. Zinapanda tu. Hapa ndipo wataalamu walipojiuliza: je, ni lazima iwe hivyo? Tukichukua jamii nyingine yoyote isiyo na kikomo, yenye sheria nyingine ya kuhamisha, je, idadi ya koo inaweza kupanda kisha ikashuka?

Pale ambapo watu wana idadi maalumu, inaweza kushuka. Chukua mbuzi sita. Kuchagua mbuzi watano wa kupeleka mnadani ni sawa na kuchagua mbuzi mmoja wa kubaki zizini. Kwa hiyo koo za mbuzi watano watano ni nyingi sawasawa na koo za mbuzi mmoja mmoja. Hesabu iliyopanda inarudi chini. Mwaka 1965 Donald Livingstone (si yule David Livingstone wa Ujiji) na Ascher Wagner walionyesha kwamba, idadi ya wanyama ikiwa na kikomo, hesabu ya koo haishuki mpaka ufike nusu ya zizi.

Zizi lisilo na kikomo halina nusu. Hivyo hesabu ya koo haishuki kamwe. Mmoja wa waliolichimba jambo hili kwa kina ni Peter Cameron, mwanahisabati aliyezaliwa Toowoomba, Australia, mwaka 1947, akafundisha London na baadaye Uskoti katika Chuo Kikuu cha St Andrews. Mojawapo ya njia za kulithibitisha inatumia ile foleni tuliyoanza nayo.

Kanuni ya watu sita

Kabla ya foleni, tunahitaji kanuni moja ya Frank Ramsey, Mwingereza wa Cambridge aliyefariki mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 26. Kanuni hiyo ina sura ndogo ambayo unaweza kuihakikisha sasa hivi: katika watu sita wowote, lazima wapatikane watatu wanaojuana wote, au watatu wasiojuana kabisa.

Kwa nini? Mchukue mmoja wao, Mwanaidi. Wamebaki watano. Ama Mwanaidi anawajua angalau watatu kati yao, ama hawajui angalau watatu. Tuseme anawajua watatu. Kama kati ya hao watatu kuna wawili wanaojuana, basi hao wawili pamoja na Mwanaidi ni watatu wanaojuana. Kama hakuna wawili wanaojuana, basi wao wenyewe ni watatu wasiojuana. Kama ni upande ule mwingine, ambako hawajui watatu, hoja ni ile ile ukiigeuza.

Ramsey alikwenda mbali zaidi. Katika kijiji chenye watu wasio na kikomo, daima utapata ndani yake kundi lisilo na kikomo ambamo wote wanajuana, au kundi lisilo na kikomo ambamo hakuna anayemjua mwenzake. Hata vurugu iwe kubwa kiasi gani, utaratibu umejificha mahali fulani ndani yake.

Sheria ya foleni

Sasa turudi kwenye foleni. Sheria yake ni hii. Kila ukoo uliosimama kwenye foleni lazima uwe na kijiji chake kisicho na kikomo, ndani ya ile jamii kubwa. Katika kijiji hicho ukoo wenyewe uonekane angalau mara moja. Koo zilizo mbele yake zinaweza kuonekana au zisionekane. Lakini koo zilizo nyuma yake zisionekane hata mara moja.

Tujaribu na koo zetu nne. Nani asimame wa kwanza? Aliye wa kwanza ana koo zote nyingine nyuma yake, kwa hiyo kijiji chake kiwe na ukoo mmoja tu. Kila watu watatu utakaowachukua humo wawe wa aina moja. Lakini Ramsey ametuambia kwamba ndani ya kijiji hicho kuna kundi lisilo na kikomo la wanaojuana wote au la wasiojuana kabisa. Basi wa kwanza lazima awe Wageni au Ndugu. Jozi na Kiungo hawawezi kusimama mbele.

Tuseme Wageni wamesimama mbele. Nani afuate? Angalia vijiji hivi vitatu.

Kijiji cha kwanza: watu wawili tu wanajuana, wengine wote hawajui mtu. Ukichukua watatu wowote humo, utapata Jozi au Wageni.

Kijiji cha pili: mtu mmoja, tuseme mwenye duka, anajulikana na kila mtu, lakini wateja wake hawajuani. Ukichukua watatu wowote, utapata Kiungo au Wageni.

Kijiji cha tatu: kila mtu anamjua kila mtu. Humo kuna Ndugu peke yao.

Kwa hiyo Jozi, Kiungo na Ndugu kila mmoja ana kijiji ambacho, ukiacha Wageni, hakina ukoo mwingine. Wageni wakishakaa mbele, watatu waliobaki wanaweza kufuatana vyovyote. Hiyo ni mipangilio 6. Ndugu wakikaa mbele, mambo ni yale yale ukigeuza kujuana kuwa kutojuana: mipangilio mingine 6. Kwa jumla, kati ya mipangilio 24 ya koo nne, inayokubalika ni 12.

Foleni ina faida gani?

Foleni hii ndiyo inayothibitisha kwamba hesabu ya koo haishuki. Tazama jinsi hoja inavyokwenda.

Chukua ukoo wowote kwenye foleni, tuseme Kiungo, na uende kwenye kijiji chake. Wachukue watu watatu wa ukoo wa Kiungo, kisha umwongeze mtu wa nne kutoka kijiji hicho hicho. Kijiji hakina kikomo, kwa hiyo mtu wa kuongeza hakosekani. Sasa una kundi la watu wanne. Ndani yake kuna Kiungo, na hakuna ukoo wowote ulio nyuma ya Kiungo kwenye foleni. Maana yake, ukiuliza kundi hili la wanne, "Ukoo wa nyuma kabisa uliomo ndani yako ni upi?", litajibu: "Kiungo."

Fanya hivyo kwa kila ukoo. Kila ukoo wa watatu unapata kundi lake la wanne, na kila kundi lina jibu lake tofauti. Makundi yenye majibu tofauti hayawezi kuwa ya ukoo mmoja. Basi koo za wanne haziwezi kuwa chache kuliko koo za watatu. Hoja hii haijali ni watatu au ni mia tatu, wala haijali ni kujuana au ni uhusiano mwingine, mradi idadi ya koo iwe na kikomo. Cameron alithibitisha kwamba katika kila jamii isiyo na kikomo ya namna hii, foleni moja angalau lazima ipatikane.

Sasa linakuja swali lenyewe

Tunajua kwamba foleni ipo. Lakini ni foleni zipi hasa? Kuna kanuni itakayotuambia, kwa jamii yoyote na kwa idadi yoyote ya watu, mpangilio upi unakubalika na upi haukubaliki? Je, kuna mpangilio mmoja wa asili unaozidi mingine? Kanuni ya jumla ya namna hiyo haijulikani.

Ukitazama watu watatu tu, unaweza kudhani ni rahisi: mradi wa mbele ni Wageni au Ndugu, wengine wajipange watakavyo. Watu wanne wanaivunja dhana hiyo.

Kati ya koo 11 za watu wanne kuna ukoo tunaoweza kuuita Mnyororo: Asha anamjua Bakari, Bakari anamjua Chausiku, Chausiku anamjua Daudi, basi. Je, Mnyororo unaweza kusimama wa pili, mara tu baada ya ukoo wa wanne wasiojuana?

Tuseme unaweza. Basi kuna kijiji kisicho na kikomo ambamo kila watu wanne ama hawajuani kabisa, ama ni Mnyororo. Mlete mtu wa tano, Fatuma. Asha, Bakari, Chausiku na Fatuma lazima wawe Mnyororo, kwa kuwa tayari kuna wanaojuana kati yao. Katika Mnyororo hakuna anayejua zaidi ya watu wawili, na Bakari tayari anawajua Asha na Chausiku. Kwa hiyo Fatuma hamjui Bakari. Anamjua ama Asha, ama Chausiku. Lakini ukitazama Bakari, Chausiku, Daudi na Fatuma, Chausiku naye amejaa: tayari anawajua Bakari na Daudi. Basi Fatuma hamjui Chausiku. Amebaki Asha. Fatuma lazima amjue Asha.

Mlete na Hamisi. Kwa hoja ile ile, Hamisi naye lazima amjue Asha. Sasa watazame Asha, Bakari, Fatuma na Hamisi: Asha anawajua wote watatu. Huo si Mnyororo, na si kundi la wasiojuana. Kijiji hicho hakiwezi kuwepo, na Mnyororo hauruhusiwi nafasi ya pili.

Umeona? Kwa watu watatu, sharti lilikuwa kwenye nafasi ya kwanza tu. Kwa wanne, linagusa na nafasi ya pili. Kwa watano na sita, masharti yanazidi kusukana. Koo 11 zinaweza kupangwa kwenye mstari kwa namna 39,916,800. Koo 34 za watu watano zinaweza kupangwa kwa namna ambazo idadi yake ina tarakimu 39. Kompyuta inaweza kusaidia mwanzoni, lakini haiwezi kupitia moja moja mpaka mwisho. Inatakiwa hoja, na hoja hutoka kwenye kichwa cha mtu.

Maswali ya jirani

Usidhani kwamba maswali ya namna hii hayajibiwi kamwe. Mwaka 1976 Cameron alijibu moja la jirani: ikiwa kwa kila idadi kuna ukoo mmoja tu, jamii hiyo ikoje? Kama huwezi kuhamisha watu utakavyo kabisa, alionyesha, basi kuna njia nne tu. Fikiria mstari wa mkonge usio na mwisho. Ama mpangilio wa mstari unalindwa. Ama unalindwa lakini unaruhusiwa kuusoma kutoka upande wowote. Ama mstari umekunjwa kuwa duara. Ama ni duara linaloweza kuzungukwa kwa pande zote mbili. Hakuna ya tano. Swali lingine la Cameron lilijibiwa na Maurice Pouzet mwaka 2008, na jingine na Justine Falque na Nicolas Thiéry mwaka 2018.

Mengine bado. Lile la watu sita tulilolithibitisha kwa Mwanaidi lina ndugu yake: wanatakiwa watu wangapi ili lazima wapatikane watano wanaojuana wote au watano wasiojuana kabisa? Jibu liko kati ya 43 na 46. Namba yenyewe haijulikani, si London wala Dar es Salaam.

Linatuhusu nini sisi?

Tuseme ukweli: foleni ya koo haitaongeza gunia la mahindi Handeni, wala haitapandisha bei ya machungwa. Hakuna haja ya kukudanganya.

Lakini watoto wengi wanakua wakiamini kwamba hisabati ilishakwisha, kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu, na kazi ya mwanafunzi ni kulikisia jibu hilo kabla ya kiboko. Mtoto anayeamini hivyo, akikosa jibu, anajiona mjinga. Akijua kwamba kuna maswali ambayo hata maprofesa wamekwama, na kwamba maswali hayo yanaweza kuchorwa kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja, anaanza kuona kukwama kuwa ni sehemu ya kazi. Na ile hoja ya Mnyororo uliyoisoma hivi punde haikuhitaji uamini neno la mtu yeyote. Umeikagua mwenyewe.

Zoezi la nyumbani

Kaa na watoto jioni. Chukueni punje nne na mchore koo zote 11. Kisha muwaweke mbele wanne wasiojuana, na muulizane: kati ya koo 10 zilizobaki, zipi zinaweza kusimama nafasi ya pili?

Mkipata tatu, mmepatia: ule ambao wanajuana wawili tu, ule ambao mmoja anawajua watatu wasiojuana, na ule ambao wote wanajuana. Mkipata ya nne, ichunguzeni tena kwa kumwongeza mtu wa tano na wa sita, kama tulivyofanya kwa Fatuma na Hamisi. Na mkimaliza nafasi ya pili, nafasi ya tatu inawasubiri.